Mpira una rufaa, kura haina

(Haya ni mazungumzo ya mshabiki wa kandanda mbele ya vijana wa kijiweni jijini Dar es Salaam. Tunayachapa kama alivyoyasema.)

Wewe unayeyasoma maneno haya ndani ya daladala, au umeliazima gazeti kwa jirani, karibu ukae. Benchi bado lina nafasi.

Nianze kwa kuungama. Mimi ni mtu wa Msimbazi. Nyekundu nimeirithi kwa marehemu baba, na kwa mapenzi ya Mungu nitazikwa nayo. Naona hapa watu wa Jangwani ni wengi kuliko sisi. Hewala! Leo sikuja kutania. Isitoshe, kwa mabao tuliyofungwa na watani wetu miaka hii ya karibuni, mwenye haki ya kutania ni ninyi.

Nimekuja kuzungumza mambo matatu ambayo tunaambiwa tusiyachanganye: mpira, siasa na vitabu. Wakubwa wanatukumbusha kila siku kwamba michezo haichanganywi na siasa. Wanatukumbusha wakiwa wameketi jukwaa kuu, skafu shingoni, kamera imewaelekea, na kesho yake ushindi wa timu unaingia kwenye hotuba ya kampeni. Sasa kama wao wanachanganya, sisi walalahoi tumekatazwa na nani?

Siku kijiwe kilipogeuka darasa

Mnaikumbuka Machi 8, 2025. Yanga na Simba, Uwanja wa Benjamin Mkapa. Watu wametoka mikoani kwa mabasi, tiketi mfukoni. Usiku wa kuamkia siku hiyo Simba wanakwenda uwanjani kufanya mazoezi, hawaingii. Wanatoa tamko: tumezuiwa, kanuni imevunjwa, hatuchezi. Bodi ya Ligi inaahirisha mchezo. Yanga wao wanapeleka timu uwanjani saa ile ile ya mechi, wanasema sisi tuko tayari, mwenzetu yuko wapi?

Mzozo ule kila mtu anaujua. Mimi nataka niseme kilichotokea kijiweni kwetu. Asubuhi ya Jumapili nilimkuta fundi viatu wetu, mzee wa Jangwani hasa, ana karatasi mkononi. Zilikuwa Kanuni za Ligi Kuu! Amezitolewa kopi. Amepigia mstari kwa kalamu kifungu cha mazoezi ya timu mgeni, na kingine cha timu isiyofika uwanjani. Kijana wa bodaboda, ambaye tangu amalize shule sijamwona na kitabu, alimnyang'anya akasoma kwa sauti. Akabishiwa. Akarudia kusoma. Wakabishana maana ya neno moja tu kwa saa nzima: "haki" ya kufanya mazoezi ni haki namna gani, na asiyepewa haki hiyo anaruhusiwa kufanya nini? Ndugu zangu, ule ulikuwa mjadala wa mawakili, na waliokuwa wakiujadili ni fundi viatu, bodaboda, muuza kahawa na mimi.

Na mambo yakaenda mbele. Yanga walipeleka shauri hadi mahakama ya michezo kule Lausanne, Uswisi, wakaambiwa wamalize kwanza ngazi za nyumbani. Mwenyekiti wa Bodi ya Ligi akaachia ngazi. Mchezo ukapangwa upya, akaletwa mwamuzi kutoka nje ya nchi, na Juni 25, 2025 ukachezwa. Tukafungwa 2-0 na ubingwa ukaenda Jangwani. Niliumia, nikalala bila kula. Lakini nililala nikijua nimefungwa uwanjani, dakika 90, mbele ya watu.

Siku ile nikajiuliza swali ambalo ndilo limenileta mbele yenu. Sisi tunaojua kanuni ya mazoezi ya timu mgeni, je, tunajua kanuni ya mchezo wa kumpata rais wetu? Mechi yoyote ina mambo matatu: uwanja, refa na rufaa. Hebu tuyaangalie moja baada ya jingine.

Uwanja ni wa nani?

Usiku wa kuamkia Desemba 9, 1961, bendera ya mkoloni ilishushwa na ya kwetu ikapandishwa katika Uwanja wa Taifa, huu tunaouita leo Uhuru. Uwanja wa mpira! Taifa hili lilizaliwa kwenye nyasi. Na uwanja ule ni wa umma mpaka leo, kama ulivyo ule mkubwa wa jirani yake uliofunguliwa 2007.

Lakini toka nje ya Dar es Salaam. Nenda Mwanza, uwanja unaitwa CCM Kirumba. Nenda Mbeya, Sokoine. Nenda Tanga, Mkwakwani. Nenda Songea, Majimaji. Nenda Tabora, Ali Hassan Mwinyi. Nenda Arusha, Sheikh Amri Abeid. Vyote hivyo ni mali ya chama kimoja, chama tawala. Vilipatikana enzi za chama kimoja, wakati hapakuwa na mpaka kati ya mfuko wa chama na mfuko wa mwananchi, wakati mchango ulikuwa mchango tu na hukuulizwa kama unapenda. Mwaka 1992 sheria ikaruhusu vyama vingi. Timu zikawa nyingi, viwanja vikabaki kwa mmoja.

Fikiri maana yake. Wewe mwanamageuzi wa Mwanza unanunua tiketi ukatazame Simba au Yanga pale Kirumba. Katika mapato ya mlangoni kuna fungu la mwenye uwanja. Yaani kila ukishangilia bao, unakichangia chama usichokipigia kura! Na chama chako kikitaka kufanya mkutano wa hadhara mjini hapo, kinatafuta kiwanja cha vumbi na kibali cha polisi, halafu kibali kinaota mbawa.

Kwenye mpira kila timu ina uwanja wa nyumbani, na kuna mechi za ugenini. Kwenye siasa zetu timu moja inacheza nyumbani nchi nzima.

Refa ameteuliwa na nani?

Wewe mshabiki wa Simba, ungekubali refa wa mechi ya watani achaguliwe na mwenyekiti wa Yanga? Wa Yanga, ungekubali achaguliwe na wetu? Mngevunja viti. Basi fungua Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, Ibara ya 74. Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi na wajumbe wake wanateuliwa na Rais, na Rais huyo huyo ni mwenyekiti wa chama kinachoshindana, na mara nyingi ndiye mgombea. Mwaka 2024 ikatungwa sheria mpya, Tume ikaongezewa neno "Huru" kwenye jina lake, ikawekwa na kamati ya kuwafanyia usaili wanaoomba ujumbe. Vizuri. Lakini sahihi ya mwisho ni ya yule yule.

Tukishuka kwa washika vibendera ni hivyo hivyo. Kwa miaka mingi waliosimamia uchaguzi majimboni ni wakurugenzi wa halmashauri, ambao ni wateule wa Rais. Mei 2019 Mahakama Kuu ikasema hapana, jambo hili linakwenda kinyume na Katiba. Tukashangilia. Oktoba mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu, bao likafutwa, mpira ukawekwa kati.

Na refa wa namna hii akizidiwa hufanya nini? Waulizeni ndugu zetu wa Zanzibar. Oktoba 25, 2015 walipiga kura kwa utulivu. Siku tatu baadaye, hesabu ikiendelea, mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar akatokea kwenye televisheni akaufuta uchaguzi wote. Ndugu yangu, umewahi kuona refa anafuta mechi dakika ya 85, kisha anawaambia wachezaji warudi mwakani? Marudiano yalikuwa Machi 20, 2016. CUF hawakuingia uwanjani, na mgombea wa chama tawala akatangazwa kwa asilimia 91.4.

Huku Bara, Aprili 2025 Tume iliiengua CHADEMA kwa sababu haikusaini kanuni za maadili ya uchaguzi. Oktoba 29, 2025 mchezo ukachezwa hivyo hivyo, chama kikuu cha upinzani kikiwa nje ya uzio, na mshindi akatangaziwa asilimia 97.66. Intaneti ilizimwa, watu wakaambiwa wasitoke usiku, na vijana wa umri wenu wakazikwa. Hapo sina utani wala mfano wa mpira. Mpira haufi mtu. Waliokufa walikuwa na mama zao, na wengine walikuwa wanakaa kwenye mabenchi kama hili.

Rufaa iko wapi?

Sasa nifike kwenye kifungu ambacho kila kijana angekijua kama anavyojua namba ya mgongoni ya mshambuliaji wake. Ibara ya 41, kifungu kidogo cha 7. Inasema kwamba Tume ikishamtangaza mtu kuwa amechaguliwa Rais, hakuna mahakama yoyote yenye mamlaka ya kuchunguza kuchaguliwa kwake.

Rudia tena kichwani. Hakuna mahakama yoyote. Ubunge unaweza kuupinga Mahakama Kuu. Mchezaji wa daraja la kwanza aliyekatwa mshahara ana pa kushtaki. Timu iliyonyimwa mazoezi inaweza kupanda ngazi mpaka Uswisi. Lakini kiti kikubwa kuliko vyote katika nchi, kinachoteua mawaziri, majaji, wakuu wa mikoa na hata refa mwenyewe, hicho filimbi ikipigwa imepigwa. Ukilalamika, wewe ni mchochezi.

Msidhani haiwezekani kuwa vingine. Septemba 1, 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya ilifuta matokeo ya urais, na aliyetangazwa alikuwa rais aliye madarakani. Februari 2020 mahakama ya Malawi ikafanya vivyo hivyo, uchaguzi ukarudiwa Juni, na aliyekuwa ametangazwa kashindwa akashinda. Wote hao ni majirani zetu, tumepakana nao. Mbingu hazikuanguka Nairobi wala Lilongwe.

Na sisi tumeambiwa. Julai 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako hapa hapa Arusha, iliamua kuwa kifungu hicho kinavunja haki za raia. Kabla yake, mwaka 2013, mahakama hiyo hiyo ilimpa ushindi Mchungaji Christopher Mtikila katika kesi ya mgombea binafsi, kesi aliyoianza Mahakama Kuu akaishinda 1994. Kwa lugha yetu ya mpira, mchezaji huru asiye na klabu bado ni mchezaji. Kwa Katiba yetu, raia asiye na chama si mgombea. Mchungaji alifariki 2015 bila kuona sheria inabadilishwa. Na unajua tulijibu nini? Novemba 2019 serikali iliondoa tamko lililokuwa linamruhusu mwananchi wa kawaida kuishtaki moja kwa moja kwenye mahakama ile. Mlango wa rufaa uliokuwa wazi kidogo ukafungwa, na ufunguo ukatiwa mfukoni.

Ilibaki nafasi moja, Katiba mpya. Rasimu ya Tume ya Jaji Warioba iliweka njia ya kuhoji matokeo ya urais mahakamani. Bunge Maalum likaikatakata rasimu, likapitisha yake Oktoba 2014. Kura ya maoni ilipangwa Aprili 30, 2015. Ikaahirishwa. Mpaka leo hatujaambiwa tarehe ya mechi.

Kitabu tulichokisoma kwa mtihani

Mtasema, huyu mzee anatutajia vifungu, sisi vitabu tuliviacha shuleni. Basi nikukumbushe kimoja ulichokisoma ukakisahau. Kusadikika, cha Shaaban Robert, kilichotoka 1951, mkoloni bado yuko. Ukurasa mmoja ulikuwa na maswali ya mtihani, ukakariri wahusika, ukapata alama, ukakiuza.

Kirudie. Kuna kijana anaitwa Karama. Kosa lake ni nini? Si kuiba wala kupiga mtu. Alitaka watu wafundishwe sheria. Basi! Waziri Majivuno akamfikisha barazani, na mashtaka yakaonekana makubwa kiasi cha kumpoteza roho yake. Karama hakupiga kelele. Akaomba asikilizwe, akasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita kutafuta mema kwa ajili ya nchi yao, wakarudi na kheri mkononi, wakatupwa gerezani. Aliwasimulia mmoja mmoja mpaka baraza likaona aibu ya matendo yake lenyewe.

Mimi nilipokisoma shuleni nilidhani ni hadithi ya nchi iliyoko hewani. Nimekisoma tena ukubwani, nikiwa nimekaa foleni hospitali namsubiri mgonjwa, nikaona kinazungumza nasi. Karama hakuwa na jeshi wala fedha. Alikuwa na nafasi ya kujitetea na watu wa kumsikiliza. Yaani alikuwa na rufaa. Na aliogopwa kwa sababu mtu anayejua sheria hawezi kudanganywa na refa.

Kwa hiyo vitabu vyangu ni vitatu: Kanuni za Ligi, Katiba, na Kusadikika. Cha kwanza mmekwisha kukisoma kwa hasira. Viwili vilivyobaki ni vyembamba, na bei ya Katiba haizidi bei ya jezi ya bandia.

Na sisi tujitazame

Sitakuwa mkweli nikimaliza bila kuugusa upande wetu. Sisi wa mageuzi tuna dhambi zetu. Uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, 1995, Mrema alikwenda na NCCR-Mageuzi akapata asilimia 27.8 dhidi ya 61.8 za Mkapa, na vijana walilisukuma gari lake kwa mikono. Miaka minne baadaye chama kilikuwa kimekwisha kugawanyika, viongozi wanavutana mahakamani, na mwenyewe amehamia TLP. CUF nayo ikapasuka baada ya 2015, mpaka Maalim Seif akahamia ACT-Wazalendo Machi 2019. Tunafanana na klabu zetu. Yanga ya miaka ya 1970 iligombana mpaka ikazaliwa Pan African, na mitaa ikagawanyika ndugu kwa ndugu.

Chama kisichofuata katiba yake hakiwezi kuifundisha serikali kufuata Katiba. Na mwanachama asiyejua katiba ya klabu yake, anayekuja kwenye mkutano mkuu kwa ajili ya nauli na chakula, ni yule yule anayeuza kura kwa kofia na fulana. Kocha akipoteza mechi tatu tunataka afukuzwe. Diwani wa mtaa wetu ana miaka mitano hajachimba mtaro, na tunamwita mheshimiwa!

Kazi ninayowapa basi ni ndogo. Kila benchi liwe na Katiba moja, ichakae kwa kushikwa. Jumapili moja kwa mwezi, kabla ya mechi, someni ibara tano tu, mbishane kama mlivyobishana Machi 8. Mkutano wa tawi ukiitwa, muulize kifungu. Mgombea akija na fulana, muulize Ibara ya 41 anaionaje. Sisemi mkavunje kitu. Wanaotaka mvunje wapo, maana ukivunja wanapata sababu. Nasema mkadai rufaa, kila mahali, kwa mdomo na kwa maandishi, kama mnavyodai penalti.

Nimalize kwa mpira. Mwaka 1979 Simba ilicheza na Mufulira Wanderers ya Zambia kombe la klabu bingwa Afrika. Nyumbani Dar es Salaam tukafungwa 4-0. Baba aliniambia watu walirudi majumbani kwa miguu, hakuna aliyekuwa na sauti. Timu ikapanda kwenda Zambia, wengi hawakuitakia hata safari njema. Kule ikashinda 5-0 na kusonga mbele.

Watu huusimulia mchezo ule kama habari ya ushujaa, na ni kweli. Lakini mimi nawaambia wale vijana walikwenda Zambia kwa sababu walijua mambo mawili: kwamba mchezo wa marudiano upo, na kwamba wakifunga matano, refa atahesabu matano. Bila hayo mawili, hata shujaa hapandi ndege.

Kura yetu inataka hayo mawili tu. Watu wa Jangwani, karibuni sasa mnitanie.